Kuijua familia ya Wapuritani: uanze na barua, mashairi, shajara au majalada ya mahakama?

Walowezi wa Kipuritani, Waprotestanti wa Uingereza waliotaka kanisa lisafishwe, waliovuka Atlantiki kwenda New England (kaskazini-mashariki mwa Marekani ya leo) katika miaka ya 1620 na 1630 waliandika mno, na mtu anayetaka kuyajua maisha yao ya nyumbani hawezi kulalamika kwamba hakuna cha kusoma. Kinachomkwamisha ni kwamba maandishi yenyewe yanapingana. Soma barua za gavana kwa mkewe, utaapa kuwa watu hawa walipendana kama wachumba hadi uzeeni. Soma kesi za koloni la Plymouth, utajiuliza ni nani alilala salama ndani ya nyumba zile. Na wengi wanaoanza, awe mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu, mwalimu, mtu wa kanisa anayeandaa semina ya ndoa au mwandishi wa riwaya, wana muda wa kusoma kitu kimoja kwa utulivu.

Hapa ninalinganisha vyanzo vinne: barua za John Winthrop na mkewe Margaret, mashairi ya Anne Bradstreet, shajara ya Samuel Sewall, na kumbukumbu za mahakama na mirathi za Plymouth. Nimevipima kwa maswali matano. Nani anasema, na alitaka nani asome? Ndoa inaonekanaje? Watoto je, na vifo vyao? Wako wapi watu wengine wa nyumbani? Na kazi ya kukisoma ni ngumu kiasi gani?

Swali la nne lisichukuliwe kuwa nyongeza. Kwa Wapuritani, familia ilikuwa kaya nzima: mume, mke, watoto wao, watoto wa wengine waliopelekwa pale kulelewa au kujifunza kazi, watumishi wa mkataba, na baadaye watumwa, wote chini ya mkuu mmoja aliyewaongoza katika sala asubuhi na jioni. Hata kijana asiyeoa hakuruhusiwa kuishi peke yake apendavyo. Makoloni yalitunga sheria za kumtaka akae ndani ya familia ya mtu. Ukisoma chanzo kinachotaja mume, mke na watoto peke yao, umesoma nusu ya nyumba.

Nani anasema

Winthrop alikuwa mwanasheria wa Suffolk, Uingereza, aliyeongoza msafara wa meli 11 mwaka 1630 na kuchaguliwa gavana wa koloni la Massachusetts Bay mara nyingi. Margaret alikuwa mke wake wa tatu, walioana 1618. Barua zao ni za nyakati za kutengana. Mwanzoni mume yuko London kwa shughuli za mahakama na mke yuko kijijini Groton. Kisha mume yuko Amerika, na mke aliyebaki nyuma akiwa mjamzito anasubiri hadi Novemba 1631 kumfuata. Walipokuwa chini ya paa moja hawakuwa na haja ya kuandikiana, kwa hiyo barua zinakuonyesha ndoa hii pale tu ilipokuwa na kiu. Liweke hilo akilini kabla hujasema Wapuritani wote walizungumza hivyo mezani.

Anne Bradstreet alivuka bahari katika meli ileile ya Winthrop, Arbella, akiwa na umri wa kama miaka 18 na tayari ameolewa. Mashairi yake ya kwanza yalichapwa London mwaka 1650 baada ya shemeji yake kuyapeleka huko bila yeye kujua. Lakini yale ya nyumbani, kuhusu mume, uzazi, wajukuu na nyumba iliyoungua, aliyaandikia watu wake. Baadhi yalitoka Boston 1678, miaka sita baada ya kufa kwake, na mengine yalibaki kwenye daftari la familia hadi karne ya 19. Kati ya vyanzo vyote vinne, hapa pekee ndipo mwanamke anashika kalamu kutoka mwanzo hadi mwisho.

Sewall ni wa kizazi kilichofuata: mfanyabiashara na hakimu wa Boston, mmoja wa waliohukumu kesi za uchawi za Salem mwaka 1692, na ambaye mwaka 1697 alisimama kanisani huku ungamo lake likisomwa mbele ya watu. Shajara yake inaanza mwishoni mwa 1673 na kufika 1729, ikiwa na pengo la miaka kadhaa. Aliandika mambo jinsi yalivyotukia: bei ya lozi, hali ya hewa, mazishi, ugomvi wa watoto.

Kumbukumbu za Plymouth hazina mwandishi mmoja. Ni makarani, majirani waliotoa ushahidi, wazee waliotamka wosia wakiwa kitandani, na watu wawili watatu waliopita chumba hadi chumba wakihesabu masufuria ya marehemu. Onyo moja: watu wa Plymouth walikuwa wamejitenga kabisa na Kanisa la Uingereza, ilhali wale wa Massachusetts Bay walitaka kulisafisha wakiwa ndani yake. Katika malezi na ndoa walifanana sana. Katika insha ya chuo, usiwachanganye.

Ndoa

Kwa watu hawa ndoa ilikuwa mkataba wa kiraia, uliofungwa mbele ya hakimu badala ya mchungaji. Ya kwanza Plymouth ilifungwa 12 Mei 1621. Edward Winslow alikuwa amefiwa na mkewe mwezi Machi. Susanna White alikuwa amefiwa na mumewe Februari, na alikuwa na mtoto mchanga, Peregrine, aliyezaliwa ndani ya meli ya Mayflower ikiwa imetia nanga Cape Cod. Hawakukaa wajane hata msimu mmoja. Kati ya abiria 102 wa meli hiyo, karibu nusu walikufa majira yale ya baridi ya kwanza, na kaya isiyo na mume au mke ilikuwa kaya isiyo na mkulima au mpishi. Kumbukumbu zinakupa tarehe na majina. Kama wawili hao walipendana, hutaambiwa.

Barua za Winthrop zinakuambia. Margaret anaandika kwamba ana sababu nyingi za kumpenda mumewe, na anataja mbili: ya kwanza kwa kuwa unampenda Mungu, ya pili kwa kuwa unanipenda mimi. Mpangilio huo ndio mafundisho yote ya Kipuritani kuhusu ndoa: mapenzi yanaruhusiwa, hata yanaamriwa, ila yakae chini ya yale ya Mungu. Kabla ya mume kusafiri walipeana miadi: kila Jumatatu na Ijumaa, saa kumi na moja jioni, kila mmoja alipo atamkumbuka mwenzake, wakutane kiroho hadi watakapokutana kimwili. Nikilifikiria hilo naona bahari nzima katikati, na barua inayochukua miezi kufika.

Bradstreet ana moto zaidi. Mumewe Simon alisafiri mara kwa mara kwa shughuli za koloni, na mashairi yake ya kumsubiri hayana woga: kama wawili waliwahi kuwa mmoja, anasema, basi ni sisi. Katika shairi jingine, la kabla ya kujifungua, anamwambia mume kwamba huenda akafa katika uzazi ule, na anamwomba awalinde watoto wake wadogo dhidi ya mama wa kambo. Humo kuna mapenzi na kuna hesabu baridi ya mwanamke aliyejua jinsi wajane na wagane walivyooana haraka.

Sewall anakuonyesha upande wa posa. Mwaka 1720, akiwa na miaka 68 na amefiwa na wake wawili, alimposa mjane aitwaye Katherine Winthrop. Alimpelekea lozi za sukari na kuandika bei yake, shilingi tatu kwa ratili. Siku moja alimwomba avue glovu, na alipoulizwa kwa nini, akajibu kwamba kuna tofauti kubwa kati ya kushika mbuzi aliyekufa na kumshika bibi aliye hai. Mwanamke alitaka gari la farasi na alitaka bwana avae wigi; Sewall hakukubali, wakajadiliana juu ya mali, na posa ikavunjika. Anayedhani mkataba wa ndoa ulikuwa neno la kisheria tu asome kurasa hizo.

Ndoa zilizoharibika zote ziko kwenye majalada. Massachusetts iliandika katika sheria zake za 1641 kwamba mke asipigwe na mumewe isipokuwa mume anapojikinga. Kule Plymouth, mwaka 1655, mwanamke wa Taunton alishtakiwa kwa kumpiga na kumtukana mumewe na kuwachochea watoto wamsaidie. Winthrop na Bradstreet hawatakupa hata kivuli cha nyumba ya namna hiyo.

Watoto na vifo vyao

Hapa ndipo uchaguzi wako utakapobadilisha jibu lako lote, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Bradstreet alizaa watoto wanane na wote walikua. Katika shairi la 1659 anawaita ndege wanane walioanguliwa katika kiota kimoja, majogoo wanne na mitetea minne, na anasimulia mmoja mmoja alivyoruka kwenda tawi lake. Sewall na mkewe Hannah walipata watoto 14, na zaidi ya nusu hawakufika utu uzima. Tofauti hiyo haitokani na bahati tupu. Bradstreet aliwalea wake Ipswich na Andover, vijiji vya wakulima vilivyo mbali kiasi na magonjwa ya bandari; Sewall aliwalea Boston, ambako ndui ilishuka na meli. Ukisoma mmoja tu utaandika kwamba watoto wa Wapuritani walipona, na ukisoma mwingine utaandika kwamba walikufa kama nzi. Kila sentensi ni kweli kwa mahali pake.

Kifo kilimpata Bradstreet kwa njia ya wajukuu. Elizabeth alikufa Agosti 1665 akiwa na mwaka mmoja na nusu. Anne alikufa Juni 1669 akiwa na miaka mitatu na miezi saba. Simon alikufa Novemba ya mwaka uleule akiwa na mwezi mmoja na siku moja. Katika shairi la Elizabeth, bibi anamuaga mtoto aliyeujaza moyo wake furaha kupita kiasi, na maneno hayo, kupita kiasi, yana uzito wake: mafundisho yalimwonya asiweke moyo kwenye kiumbe. Akifika kwa Simon, anasema tunyamaze, Mungu ametaka hivyo, tusihoji kwa nini. Msomaji anasikia swali lenyewe likigonga mlango wakati anakatazwa kuuliza. Sijui maandishi mengine ya kipindi kile yanayoonyesha imani na uchungu vikishikana mikono karibu namna hiyo.

Kwa Winthrop, linganisha shajara yake na barua zake. Mwanawe Henry alizama Salem 2 Julai 1630, siku moja baada ya kuwasili. Shajara ya gavana inaandika habari hiyo kwa mstari mmoja. Wiki mbili baadaye, katika barua kwa Margaret, anapaza kilio: mwanangu Henry, mwanangu Henry, maskini mtoto! Halafu anasema anamhurumia zaidi mke wa kijana huyo. Ni baba yuleyule na msiba uleule. Kilichobadilika ni anayeandikiwa. Kama unafundisha vijana namna ya kusoma vyanzo vya historia, mfano huu peke yake unatosha kipindi kizima.

Sewall anakuingiza chumbani. Usiku wa kuamkia 1 Aprili 1677, mimba ya kwanza, aliamka kama saa nane na kuona mkewe hajisikii vizuri. Alitaka amwite mama mkwe; mke akamwambia asali kwanza. Basi akawasha mshumaa kwenye makaa yaliyofukiwa majivuni tangu Jumamosi, akawasha moto chumbani, na kulipokaribia kucha akatumwa kumwita mkunga. Miaka 13 baadaye anamwambia mwanawe Sam, mwenye miaka 11, habari za mtoto aliyekufa kwa ndui, ili ajiandae naye kufa. Sam anaendelea kula tofaa lake kana kwamba hakusikia. Wanapofika kwenye sala ya Baba Yetu, kilio kinamtoka, anasema anaogopa kufa. Sewall anamfariji kwa Maandiko. Mwaka 1692 anamchapa Joseph, mwenye miaka minne, kwa kumrushia dada yake kipande cha shaba hadi akatoka damu usoni, kucheza wakati wa sala na kula wakati wa kushukuru. Na 25 Desemba 1696, siku ambayo Wapuritani hawakuiadhimisha, anamzika binti yake mdogo Sarah. Anashuka kaburini, anaangalia majeneza ya wakwe zake na ya watoto wake waliotangulia, na anaagiza jeneza la Sarah liwekwe miguuni pa bibi yake.

Anayesema watu hawa hawakuwapenda watoto wao hajawahi kusoma mstari huo wa mwisho.

Majalada ya Plymouth hayalii hivyo, lakini nahodha Myles Standish, mtu wa bunduki, aliagiza katika wosia wake wa 1656 kwamba akifia Duxbury azikwe karibu na binti zake wapendwa wawili, Lora, mtoto wake wa kuzaa, na Mary aliyekuwa mke wa mwanawe. Sheria nayo inajaza picha. Massachusetts mwaka 1642 iliwapa wakuu wa miji mamlaka ya kuangalia kama wazazi na mabwana wanawafundisha watoto na wanagenzi kusoma. Mwaka 1646 iliweka adhabu ya kifo kwa mtoto wa kiume wa miaka 16 na kuendelea aliyewaasi wazazi kwa ukaidi. Ya pili inapendwa sana na wanaotaka kutisha wasomaji. Hakuna aliyenyongwa kwa ajili yake.

Watu wengine wa nyumbani

Mashairi ya Bradstreet ya nyumbani karibu hayana mtumishi. Nyumba ilipoungua Julai 1666 analitaja sanduku, kasha, na meza ambayo wageni hawataketi tena, na humsikii aliyepika chakula cha meza hiyo. Barua za Winthrop zinawagusa watumishi kwa salamu na maagizo. Wosia aliouandika 1639 unamwachia mwanawe Adam, pamoja na kisiwa na mashua, watu aliowaita "Wahindi wangu", wenyeji wa nchi ile waliokuwa mikononi mwake miaka miwili baada ya vita vya walowezi dhidi ya kabila la Pequot. Sewall anaandika Juni 1700 kwamba kwa muda mrefu hajaridhika na biashara ya kuwaleta Waafrika kutoka Guinea, na mwaka huohuo akachapa kijitabu cha kuipinga.

Lakini mtumishi mwenyewe, akiwa na jina na mwili, yuko mahakamani Plymouth. John Walker alikuwa mvulana wa kama miaka 14. Alikufa mwanzoni mwa 1655, na waliochunguza maiti walikuta michubuko mwili mzima na miguu iliyoganda kwa baridi. Bwana wake alipatikana na hatia ya kuua bila kukusudia, akachomwa alama mkononi na kunyang'anywa mali. Majirani walikuwa wameona. Bila karani aliyeandika ushahidi wao, John Walker asingekuwepo katika historia ya familia ya Wapuritani, ingawa kwa hesabu yao wenyewe alikuwa mwanafamilia.

Kazi ya kusoma

Vyote vimechapishwa na matoleo ya zamani yanasomeka bure mtandaoni, kwa Kiingereza cha karne ya 17. Bradstreet ni mfupi kuliko wote na tahajia yake mara nyingi imeshasahihishwa. Barua ni fupi pia, ingawa zimetawanyika katika majuzuu yenye barua za watu wengine wengi. Shajara ya Sewall ni ndefu na imejaa majina yasiyoelezwa. Tafuta toleo lenye faharasa. Majalada ndiyo magumu: utahitaji kujua kwamba pauni ilikuwa shilingi 20 na shilingi peni 12, na utasoma kurasa nyingi za mipaka ya mashamba kabla ya kupata nyumba ya mtu.

Popote uendapo, chunga tarehe. Mwaka wa Kiingereza wakati ule ulianza 25 Machi, hivyo Januari ya 1696 kwa maandishi yao ni Januari ya 1697 kwetu. Ukiona mwaka umeandikwa kwa mkwaju, 1696/97, ndiyo sababu.

Kulingana na hali yako

Unaandaa mazungumzo ya ndoa kanisani, au unataka kuelewa jinsi imani na mapenzi vilivyokaa pamoja: anza na barua za John na Margaret. Kisha, kwa ajili ya haki, soma kile ambacho Winthrop huyohuyo aliandika Aprili 1645 kuhusu mke wa gavana Hopkins wa Connecticut, kwamba alipoteza akili kwa kujitia kusoma na kuandika.

Unaandika kuhusu wanawake, uzazi au maombolezo, au una wiki moja tu: chukua Bradstreet. Kumbuka kwamba alikuwa binti na mke wa magavana, na kwamba kwa hesabu ya watoto waliopona alikuwa mmoja wa waliobahatika.

Unaandika riwaya au tamthilia na unahitaji kujua walikula nini, walichapana vipi, walilia wapi: Sewall, na anza na miaka ya 1690. Usimtumie kueleza miaka ya 1630. Alizaliwa 1652, na Boston yake ilikuwa mji wa wafanyabiashara.

Tasnifu yako inahusu watumishi, watoto waliolelewa kwa watu, mirathi ya wajane au ukatili wa nyumbani: ingia kwenye majalada ya Plymouth na ujipe muda wa kutosha. Chagua mji mmoja na miaka kumi, la sivyo utazama. Na kwa kuwa kesi zinaandika nyumba zilizovunjika peke yake, weka kando yake wosia na orodha za mali za mji huohuo, uone pia mzee anayemwagiza mwanawe ampe mama yake kuni, ng'ombe wa maziwa na chumba cha kulala.

Ukiwa mwalimu mwenye kipindi kimoja cha dakika 40, wape wanafunzi mstari wa shajara ya Winthrop kuhusu Henry na barua yake ya wiki mbili baadaye, na waulize kwa nini havifanani.